Riwaya ya kununua juri: je, inaandikika ikiwa kesi inasikilizwa Mwanza?

Msomaji wa Kirumba
Ndugu wasomaji, shikamooni wakubwa zangu. Kwa muda sasa nimezama katika riwaya za mahakamani za Kimarekani, zile ambazo mtu mmoja anajipenyeza miongoni mwa raia 12 wa juri na kuwageuza mmoja baada ya mwingine, hadi uamuzi unaelekea anakotaka aliyemlipa. Nimeanza kuandika ya kwangu. Mwenye mitumbwi ya dagaa anauawa usiku ziwani, upande wa Ukerewe. Kesi inakuja Mahakama Kuu, Mwanza. Na tajiri mmoja wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya sangara, anawafuata wazee wa baraza, wale raia wanaoketi na jaji kusikiliza kesi, nyumbani kwao, bahasha mfukoni. Ndugu yangu aliye karani wa mahakama ameisoma hadi sura ya sita, akacheka, akasema tajiri wangu anatupa fedha ziwani. Alimaanisha nini? Tena, haya ya juri kununuliwa yamewahi kutokea kweli, au ni chumvi ya waandishi?

Wakili, Nyegezi
Karani amesema kweli. Juri ya Marekani ndiyo inayoamua kama mshtakiwa ana hatia, lakini mzee wa baraza wa kwetu hutoa maoni tu, na jaji hafungwi na maoni hayo. Hata tajiri wako akiwanunua wazee wote, jaji anaweza kuyasikiliza maoni yao kwa heshima, akayaandika katika hukumu, kisha akaamua kinyume. Zaidi ya hapo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 si lazima tena Mahakama Kuu iketi na wazee katika kesi za jinai, isipokuwa mahakama yenyewe ielekeze hivyo. Irudishe hadithi yako nyuma, tuseme mwaka 2014, usije ukasumbuliwa na wasomaji wanaojua sheria.

Binti wa Sengerema
Kuhusu swali la pili, yametokea. Mwaka 1987 John Gotti, mkubwa wa genge la kihalifu la New York, aliachiwa huru na juri huko Brooklyn, na baadaye ikathibitika kwamba mmoja wa wale 12 alikuwa ameuza kura yake kwa dola 60,000. Mtu huyo alitiwa hatiani mwaka 1992. Kabla yake, mwaka 1964, Jimmy Hoffa, kiongozi wa chama cha madereva wa malori, alihukumiwa miaka minane kwa kujaribu kuwarubuni wajumbe wa juri. Kwa kuwa katika kesi kama hizo wote 12 lazima wakubaliane, mmoja tu aliyenunuliwa anatosha kukwamisha uamuzi, na ndiyo maana waandishi wa kule wanapata hadithi kirahisi. Sisi hatuna mlango huo, kwa hiyo usiulazimishe.

Wakili, Nyegezi
Mlango tunao, ila uko nyuma ya nyumba. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi za mauaji, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu wazee wa baraza waliachwa wawaulize mashahidi maswali ya kudodosa, kazi ambayo ni ya upande wa pili. Mzee anaruhusiwa kuuliza ili aelewe, haruhusiwi kumbana shahidi. Basi tajiri wako asinunue maoni, anunue swali. Shahidi ameeleza kwamba alimtambua muuaji kwa mwanga wa karabai. Mzee anainua mkono kwa upole, anauliza, "Wewe si ulikuwa unamdai mshtakiwa?" Jaji amechoka, hamkatizi, na swali linaingia kwenye kumbukumbu. Mshtakiwa anahukumiwa kunyongwa, ndugu wa marehemu wanakumbatiana nje. Miaka mitatu baadaye majaji watatu wa Rufani wanafuta kila kitu na kuamuru kesi ianze upya, mbele ya jaji mwingine na wazee wengine. Wakati huo shahidi, ambaye ni mvuvi na hufuata samaki waliko, ameshahama kambi mara nne na hakuna ajuaye yuko kisiwa gani.

Binti wa Sengerema
Hapo nimesisimka. Ila usimfanye mzee huyo kuwa mlafi. Marehemu baba yangu aliwahi kuwa mzee wa baraza, na siku ya kikao alikuwa akipiga pasi koti lake la kahawia tangu alfajiri, kwa mkaa, huku akitukataza kumsemesha. Mtu wa namna hiyo hanunuliwi kwa bahasha; anapelekewa mgeni anayemwambia kwamba shahidi ni mwongo na kwamba hakuna mwingine mwenye ujasiri wa kumuuliza.

Msomaji wa Kirumba
Ahsanteni sana, sura ya sita naifuta yote leo. Nimebakiwa na swali moja kwa Wakili: mzee anapouliza swali lile, wakili wa utetezi anakuwa anafanya nini?

Wakili, Nyegezi
Ameketi. Hapingi. Anaandika tarehe.