Vidola vidogo na metikali: nibadilishie wapi hapa Mtwara nisipunjwe?

PwaniYaMikindani

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya fedha za kigeni hapa Mtwara.

Nina dola 37: noti ya 20, ya 10, ya 5 na mbili za 1. Ile ya 10 imechanika pembeni, urefu wa punje ya mchele, na ya 20 ina mhuri mdogo wa wino wa buluu. Halafu kuna metikali, fedha ya Msumbiji, 1,800 (noti ya 1,000, ya 500 na tatu za 100) na sarafu za randi zinazojaa kiganja. Ni bakshishi za wageni, zimejikusanya kidogo kidogo.

Ninachotaka kujua: niende benki au duka la kubadilisha fedha? Kwa nini bei ya bango na hela unayopewa mkononi hazilingani? Na hizi metikali nani anazichukua?

Kaunta_Na3

Karibu dada. Nianze na bango, maana hapo ndipo wengi wanapojichanganya.

Bango lina safu mbili, kununua na kuuza. Maneno hayo ni ya mwenye duka. Wewe unapouza dola, yeye ananunua, kwa hiyo bei yako ni ya safu ya kununua, ile yenye bei ndogo. Anayeangalia safu ya kuuza akapiga hesabu nyumbani ataona kapunjwa wakati hajapunjwa.

Jambo la pili halionekani sana kwenye bango: bei kubwa ni ya noti za 50 na 100. Noti za 5, 10 na 20 zina bei yake chini ya hapo, na za 1 na 2 chini zaidi. Tuchukulie (mfano tu, bei hubadilika kila siku) noti kubwa zinanunuliwa kwa 2,450, za kati 2,350, za 1 kwa 2,150. Dola zako 35 za kati zinatoa 82,250, mbili za moja moja zinatoa 4,300. Jumla 86,550. Ukipiga 37 mara 2,450 utapata 90,650. Pengo la 4,100 limetokana na ukubwa wa noti, si wizi. Sababu ni kwamba anayekuja dukani kununua dola anataka mia mia. Noti ndogo zinalala kwenye droo, na duka likizipeleka benki linatozwa kuzihesabu.

Kwa hiyo kabla hujatoa noti hata moja, uliza: "Ya ishirini mnanunua bei gani? Ya moja je?" Ukishazisukuma chini ya kioo zikahesabiwa, umeshapoteza nafasi ya kuondoka kwa utulivu.

Hali ya noti sasa. Mpasuko wa punje ya mchele ukingoni huwa unapita, ila usithubutu kuweka selotepu. Noti yenye selotepu inatiliwa shaka, kwa sababu kuna watu huunganisha vipande vya noti mbili tofauti. Mhuri wa buluu ndio utakaokusumbua. Mihuri ile hupigwa na wabadilishaji wa nchi nyingine kuonyesha wameshaikagua noti, lakini kaunta za hapa nyingi zinaihesabu kuwa noti chafu: wataikataa au wataikata bei. Usijaribu kuufuta kwa sabuni wala spiriti, utaharibu na wino wa noti yenyewe. Zilizokunjamana ziweke katikati ya kitabu kizito usiku mmoja. Pasi ya moto hapana.

Angalia pia mwaka mdogo ulioandikwa upande wa mbele, "Series". Kaunta nyingi nchini zinakataa noti za kabla ya 2006, nyingine kabla ya 2009. Marekani yenyewe haijafuta noti zake za zamani. Hiyo ni tahadhari ya wanunuzi wa huku dhidi ya bandia. Ukikataliwa sehemu moja, uliza ya pili kabla ya kukata tamaa.

Bandarini_Shangani

Naongezea la benki. Kwa kiasi kama chako nenda tawi la benki mjini, hasa benki ambayo tayari una akaunti, maana baadhi hazibadilishi kwa mtu asiye mteja wao. Beba kitambulisho cha NIDA. Mwambie keshia unataka kubadilisha taslimu kwa taslimu, au shilingi ziingie kwenye akaunti yako ya shilingi. Usikubali kufunguliwa akaunti ya dola kwa ajili ya dola 37. Makato ya mwezi yatazimaliza.

Msimu wa korosho, malipo ya wakulima yakianza kutoka baada ya minada kuanzia Oktoba, foleni za benki za Mtwara, Masasi na Newala ni ndefu mno. Wahi mlango ukifunguliwa, au subiri, dola haziozi.

Ukienda dukani, tazama kama leseni ya Benki Kuu imebandikwa panapoonekana, na udai risiti inayoonyesha kiasi, bei iliyotumika na jumla. Zisipoonekana hizo mbili, geuza.

Na kwa kuwa unashughulika na wageni: tangu Machi 2025 kuna kanuni inayokataza kutaja bei au kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kuwa na dola si kosa. Ila mgeni asilipe chumba wala mashua ya kwenda Msimbati kwa dola. Mwelekeze abadilishe kwanza au alipe kwa kadi. Mkifanya hivyo, hata huu mrundikano wa noti ndogo utapungua.

Ruvuma_Kusini

Nijibu la metikali, maana ndilo gumu.

Benki zetu nyingi hazinunui metikali kabisa, hazina pa kuzipeleka. Ili usilaliwe, jua thamani yake kupitia dola. Kwa bei rasmi ya Msumbiji dola moja ni kama metikali 64. Kwa mfano wa mkuu hapo juu, 2,450 gawanya kwa 64 ni shilingi 38 na ushee. Metikali 1,800 kwa 38 ni 68,400. Anayekupa 35 anakupa 63,000, yaani kachukua 5,400.

Zikague. Mwaka 2006 Msumbiji walikata sifuri tatu: metikali 1,000 za zamani zikawa 1. Ukiona noti imeandikwa 50,000 au 500,000, hiyo ni karatasi, haitumiki tena. Noti za baada ya hapo zote zina picha ya Samora Machel mbele. Nyuma ya zile za kabla ya 2024 kuna wanyama: tembo kwenye 1,000, nyati kwenye 500, simba kwenye 200, twiga kwenye 100. Mwaka 2024 zilitoka noti mpya zenye sura tofauti, na za awali hazikufutwa, zinatembea pamoja. Mtu asikudanganye kwamba za tembo zimekufa ili akununulie nusu bei.

Maoni yangu: zitunze mpaka wewe au mtu wa nyumbani avuke Mto Ruvuma kwenda Msumbiji, kupitia Kilambo au Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Zikitumika upande wa pili kwa nauli na chakula, thamani yake inabaki kamili.

Mtama_Junction

Mbona kuzunguka sana? Pale mtoni vijana wapo na mabunda yao, dakika mbili umemaliza.

Ruvuma_Kusini

Mkuu, dakika mbili hizo ndizo zinazoumiza watu. Kwanza, biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni inataka leseni, Sheria ya Fedha za Kigeni ipo tangu 1992. Likitokea tatizo huna risiti wala wa kumlalamikia. Pili, angalia wanavyohesabu. Anahesabu noti za elfu mbili mbili mbele yako, zinatimia, halafu anasema "ngoja nikuwekee vizuri", anazichukua tena, anazikunja. Unaporudishiwa, noti za katikati zimekunjwa mbili ili zihesabike mara mbili, au kadhaa zimebaki kiganjani mwake. Hela ikishahesabiwa mikononi mwako isirudi kwake hata kwa sekunde. Na boti ikiwa inaita abiria, wewe ndiye mwenye haraka, bei inashuka hapo hapo.

PwaniYaMikindani

Asanteni sana, mmenifungua macho. La mwisho: nikipewa noti na mgeni, nitajuaje si bandia? Nina ile kalamu ya kupimia. Na zile randi?

Kaunta_Na3

Kalamu haitoshi. Ndani yake kuna iodini, inabadilika rangi ikikutana na wanga wa karatasi ya kawaida. Wapo wanaochukua noti halali ya dola 5, wanaifuta wino, wanachapa 100 juu yake. Karatasi ni halali, kalamu inapita.

Inyanyue kwenye mwanga. Kwenye 100 uone kivuli cha sura ile ile ya Franklin ndani ya karatasi upande wa kulia. Ukiona tarakimu 5 au sura nyingine, iache. Kisha ipindishe: tarakimu ya chini kulia kwenye 10, 20, 50 na 100 za toleo jipya inahama kutoka rangi ya shaba kwenda kijani; kwenye za toleo la zamani kidogo inahama kutoka kijani kwenda nyeusi. Noti ya 5 haina wino huo, usiikatae kwa sababu hiyo. Ya 1 haina uzi (mstari mwembamba uliofichwa ndani ya karatasi) wala kivuli, hiyo ipime kwa mguso tu: pitisha ukucha kwenye koti la yule mtu wa pichani, utasikia mikwaruzo. Ukiwa na taa ya zambarau ya kupimia noti (UV), uzi unawaka buluu kwenye 5, chungwa kwenye 10, kijani kwenye 20, njano kwenye 50 na waridi kwenye 100.

Sarafu za kigeni kwa kawaida kaunta hazinunui. Mpe mgeni anayerudi Afrika Kusini akuachie shilingi kwa makubaliano yenu, au zikae. Na usipande daladala kwenda mjini kwa ajili ya hizi 37 peke yake. Subiri siku una shughuli nyingine huko, la sivyo nauli ya kwenda na kurudi itakula faida yote ya kutafuta bei nzuri.

Bandarini_Shangani

Dada, hiyo ya 20 yenye mhuri itoe ya mwisho, peke yake. Ukiiweka juu ya bunda, keshia ataanza kuzitilia shaka zote.