Antioksidanti za kahawa huishia wapi mwilini?

Kibuyu: Wakuu, kila mahali kahawa inasifiwa kwa antioksidanti (kemikali zinazozuia molekuli haribifu), ila sioni anayeeleza zikishamezwa zinakwenda wapi. Zinaingia kwenye damu kama zilivyo? Maziwa yanaziharibu?

Mfua_Kemia: Kama zilivyo ni chache mno. Zilizo nyingi kikombeni ni asidi za klorojeniki, kama miligramu 70 hadi 350 kwa mililita 200, kutegemea aina ya buni na ukaangaji. Ile kuu ni asidi mbili zilizoungana: ya kafeiki (si kafeini, majina tu yanafanana) na ya kwiniki.

Takriban theluthi moja hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Iliyobaki hushuka utumbo mpana, na huko ndiko kwenye shughuli. Bakteria hukata kiungo kati ya zile asidi mbili, kisha huipa kafeiki haidrojeni, inakuwa dihidrokafeiki. Ndiyo maana ukipima damu unakuta mawimbi mawili: dogo kama saa moja baada ya kunywa, na kubwa baada ya masaa 4 hadi 6.

Ukuta wa utumbo na ini navyo havikai bure. Huzibandika vipande vya kemikali, salfeti au glukuronidi, ziyeyuke vizuri kwenye maji. Nyingine hupewa kipande kingine kidogo, methili, na hapo kafeiki hugeuka feruliki. Figo humalizia, na sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja.

Kibuyu: Kwa hiyo anayemeza antibiotiki anakosa wimbi la pili?

Mfua_Kemia: Linaweza kushuka, maana wafanyakazi wake ndio wanaouawa. Kwa aliyeondolewa utumbo mpana, karibu lisionekane kabisa.

Zaka: Naongezea, maana hapa watu hupigwa chenga. Kile kipimo cha "nguvu ya antioksidanti" kwenye matangazo hufanywa ndani ya chupa ya maabara. Kwenye damu viwango ni vidogo sana, tena molekuli zimeshabandikwa salfeti na hazifanyi kazi ile ile. Usinunue kahawa kwa namba hiyo.

Ukaangaji una uzito kuliko maziwa. Buni ikikaangwa hadi iwe nyeusi tii, asidi nyingi ya klorojeniki huvunjika. Iliyokaangwa kidogo hubaki nayo zaidi. Iliyotolewa kafeini nayo hubaki na sehemu kubwa. Maziwa: protini zake hushikana na baadhi ya hizo asidi, lakini matokeo ya vipimo kwa watu yanapingana, hivyo tia tu ukipenda.

Cha kuangalia ni madini ya chuma. Polifenoli, yaani kundi la kemikali lenye asidi hizo hizo za klorojeniki, huyakamata tumboni, hasa chuma cha mboga na nafaka. Kunywa pamoja na chakula au saa moja baadaye hupunguza ufyonzaji. Saa moja kabla ya kula, hakuna tatizo. Mwenye upungufu wa damu apange hivyo.

Kibuyu: Saa moja kabla, nimekupata mkuu.