Bunduki ya musi na paa: mkwe anataka kubwa, bega langu linakataa

Shoto wa Makunduchi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimo mapumzikoni nyumbani Makunduchi, lakini makaazi yangu ni kaskazini mwa Uswidi, alikozaliwa mke wangu, na Inshallah nitarejea huko kabla ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku unapofunguliwa msimu wa kuwinda musi katika mikoa ya kaskazini. Kwa asiyemjua, musi ni mkubwa wa ukoo wote wa kulungu wa nchi za baridi, na dume aliyekomaa huweza kupindukia kilo 400. Mtihani wa uwindaji nimeshaufaulu. Sasa nahitaji kuchagua bunduki, kwani polisi wa kule hutoa kibali kwa kila bunduki peke yake.

Mkwe wangu ameshikilia kwamba ninunue .300 Winchester Magnum kama yake, bunduki ya risasi kubwa yenye nguvu nyingi. Nimeijaribu kwa risasi sita kwenye uwanja wa shabaha, na kuanzia ya tatu nilijikuta nafumba macho kabla sijavuta kifyatulio. Mimi nimelelewa na wasasi, yaani wawindaji, wa nyavu na mbwa. Marehemu babu yangu hakupata kushika hata gobore. Isitoshe, natumia mkono wa kushoto. Ningependa bunduki moja itakayotosha kwa musi na pia kwa yule paa mdogo wa Ulaya wa kilo ishirini na kitu. Nimsikilize mkwe au nilisikilize bega?

Mpemba wa Umeå

Wa alaykum salaam kaka. Mkwe ana heshima yake, lakini bega ni lako.

Anza na sheria, kwa sababu wengi huanza na jina la kaliba, yaani ukubwa na aina ya risasi inayoingia kwenye bunduki, ilhali sheria ya Uswidi hailitaji. Inachopima ni risasi. Kwa musi, risasi ya gramu 10 au zaidi inatakiwa iwe na nguvu isiyopungua jouli 2000 (jouli ni kipimo cha nguvu) ifikapo mita 100, na ile iliyo kati ya gramu 9 na 10 inatakiwa iwe na jouli 2700. Tena iwe ya aina inayotanuka ikiingia mwilini. Masharti ya paa ni mepesi zaidi, kwa hiyo bunduki ikishamtosha musi, paa hana neno, ingawa nyama yake itaharibika kidogo ukimpiga begani.

.308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, inavuka kiwango hicho bila taabu kwa risasi ya gramu 11.7, na kadhalika .30-06 ya mwaka 1906. Ipo pia 6.5x55, ambayo Waswidi na Wanorway waliibuni pamoja katika miaka ya 1890; teke lake, yaani vile bunduki inavyorudi nyuma na kukugonga bega, ni dogo, na wazee wa kijijini kwetu wameangushia musi umri wao wote. Tahadhari yake ni moja: risasi nyingi za shaba tupu za kaliba hiyo hazifiki hata gramu 9, basi ukiichagua, nunua zile nzito za gramu 10.1. Teke la .300 ya mkwe wako ni takriban mara moja na nusu ya teke la .308, na hicho ndicho kilichokufumba macho. Mwindaji anayefumba macho hupiga tumbo, na musi aliyepigwa tumbo utamfuata msituni mpaka usiku ukuingilie.

Nimewinda huku miaka 11, na musi niliowapiga karibu wote walikuwa ndani ya mita 80. Mbwa humtafuta, humsimamisha na kumbwekea mahali pamoja, nawe unamnyemelea kwa kufuata sauti huku upepo ukikujia usoni. Wewe mtoto wa wasasi utalielewa jambo hili kabla ya sisi wengine. Lenga mapafu, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, na usishtuke akitembea hatua kadhaa kama hakuguswa, ndivyo alivyo.

Kuhusu ushoto, usikubali bunduki ya mkono wa kulia eti kwa kuwa ni rahisi. Bunduki ya Tikka ya Kifini inatengenezwa yenye mkono wa kukokia upande wa kushoto. Nenda dukani na koti lako la baridi, kwa sababu kitako kinachokukaa vyema ukiwa na shati kitakuwa kirefu ukivaa koti, na darubini itakuwa mbali na jicho. Darubini yenyewe iwe inayoshuka hadi ukuzaji mdogo, mara 1.5 au 2. Msituni ukiikuza mno utaona manyoya tu, hujui ni ya bega au ya paja.

Msafiri wa Ontario

Nakubaliana na mwenzangu kwa sehemu kubwa, ila .300 tusiitukane. Sisi huku Kanada wakati mwingine humwona musi ng'ambo ya ziwa au kwenye msitu uliokatwa miti, na hapo risasi inayokwenda mbali bila kuinama sana ina faida yake. Lakini faida hiyo ni ya mtu anayefanya mazoezi kila wiki. Jambo jingine ni kuangalia duka la kijiji chako linauza risasi gani; .308 na .30-06 sijapata kuzikosa.

Mzee wa Muyuni

Wanangu, mimi nimezoea paa nunga na chesi, paa wadogo wa hapa kwetu, hayo madude ya kilo 400 nayasikia kwenu. Nina neno moja linalohusu risasi. Wako wanazuoni waliomkataa mnyama aliyeuawa kwa bunduki wakisema risasi huua kwa kishindo, na wako, nao ni wengi zama hizi, waliomkubali kwa kuwa risasi hupenya. Muulize sheikh wako mapema. Taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, uwe na kisu kikali kiunoni, na ukimkuta angali na uhai, mchinje. Basi bunduki unayoiweza, ikamwangusha karibu nawe, ndiyo itakayokusahilishia na hilo. Na usije nayo likizo. Bandarini hapa utaeleza mpaka uchoke.

Shoto wa Makunduchi

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nitaomba kibali cha .308 ya mkono wa kushoto, na koti nitalivaa dukani hata kama kutakuwa na jua. Mkwe nitampelekea karafuu kwanza, habari ya .300 nitamwambia siku nitakayokuwa na karatasi ya shabaha mkononi.