Monita ya inchi 27 ya 1440p au ya inchi 32 ya 4K? Mchana nahariri, jioni ni mpira

MhaririUmoja
Wadau, hamjambo? Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nahariri vitabu vya shule vya Kiswahili, nafanyia kazi nyumbani, chumba kimoja hapa Umoja, Nairobi. Kutwa mswada uko kushoto na nakala safi kulia, yote kwenye kioo cha laptopu cha inchi 14. Ikifika saa kumi jioni nukta na mkato naviona kama kitu kimoja. Ritifaa ndiyo inayoniumiza roho: ikidondoka kwenye ng'ombe nisiione, mtoto wa darasa la nne atajifunza kosa langu.

Jioni mdogo wangu huja tukatazama ligi ya Uingereza au filamu. Yeye hukaa kitandani, ubavuni mwa meza, si mbele yake. Nimezunguka Luthuli na Moi Avenue nikabaki na monita mbili ambazo bei hazijapishana sana: inchi 27 yenye kioo cha aina ya IPS, pikseli (vinukta vya picha) 2560 kwa 1440, hezi 100 (yaani picha 100 kwa sekunde), na inchi 32 yenye kioo cha aina ya VA, 4K (pikseli 3840 kwa 2160), hezi 60. Mdogo wangu naye anang'ang'ania ile iliyopinda ya hezi 165, eti mpira utakuwa laini. Laptopu ni ThinkPad T480, meza ina kina cha sentimita 60. Mngechukua ipi?

HesabuTu
Hakuna hata moja. Tafuta mbili za ex-UK, zilizotumika Uingereza, za inchi 24. Mimi natumia Dell U2412M mbili kwa uhasibu, ni 1920 kwa 1200, kwa hiyo ukurasa unaonekana mrefu kidogo kuliko kwenye 1080p, yaani 1920 kwa 1080. Stendi inapanda, inashuka, hata kioo unakigeuza wima. Ujue tu kwamba haina tundu la picha la HDMI wala spika.

FundiVioo
Dada, mimi natengeneza monita na tivi hapa mjini, na kazi yako nimeipenda, kwa hivyo nitakujibu kwa kirefu.

Anza na laptopu. Tundu la HDMI la T480 ni toleo la 1.4. Ukilichomekea 4K litakupa hezi 30 tu. Utasogeza kipanya na mshale utakuja nyuma yake. Watu wengi wanarudisha monita nzima dukani kwa sababu hiyo. Ukitaka 4K kwa hezi 60, pitia tundu la USB-C kwa waya unaoishia kichwa cha DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha. Ile ya 1440p haina shida, hata HDMI hiyo hiyo inaibeba kwa hezi 60.

Sasa macho. Inchi 24 ya 1080p ina pikseli kama 92 kwa kila inchi. Inchi 27 ya 1440p inafika 109, na 32 ya 4K inafika 138. Ritifaa yako inaishi kwenye hizo namba. Jihadhari sana na muuzaji atakayekupa inchi 27 ya 1080p kwa bei nafuu: hiyo ni 82, herufi zinakuwa na meno.

Mdogo wako anakaa ubavuni, na hapo mimi naiacha VA. Ukiitazama kutoka mbele weusi wake ni mzito kuliko wa IPS, filamu ya usiku inapendeza kweli. Ukienda pembeni, jezi nyekundu inapauka kama iliyoanikwa juani mwezi mzima. IPS haibadiliki hivyo.

Na mwambie kwa upendo kwamba mpira wa Uingereza hurushwa kwa picha 50 kwa sekunde, filamu ni 24. Hezi 165 ni za michezo ya kompyuta. Kama hachezi, hizo pesa ziende kwenye kiti chako.

MamaWawiliKasarani
Fundi amesema vizuri, lakini nisiache 32 ya 4K itukanwe. Ninayo, nimeweka ukubwa wa maandishi asilimia 150. Nafasi ya kazi inakuwa sawasawa na ya 2560 kwa 1440, ila kila herufi imechorwa kwa pikseli nyingi zaidi. Kwa msomaji wa kutwa ni raha. Programu chache za zamani ndizo zinaonekana na ukungu.

FundiVioo
Kweli kabisa, mama. Kwa maandishi peke yake 4K inashinda. Kinachonizuia ni ile meza. Stendi ikishakula nafasi, kwa sentimita 60 utakuwa umeisogelea inchi 32 mno, shingo itageuka kutwa kufuata kurasa. Angekuwa na meza ya 80 na mdogo wake mbele, ningesema achukue yako.

MhaririUmoja
Asanteni sana. Meza siwezi kuibadilisha, mlango hautafunguka. Basi ni 27 ya IPS. Nikifika dukani nikague nini?

FundiVioo
Nenda na laptopu yako na waya wako, ufungue mswada wako mwenyewe, si video yao ya maua. Kisha weka picha nyeupe tupu, uzunguke na macho kona zote ukitafuta nukta iliyokufa, yaani pikseli isiyowaka. Halafu nyeusi tupu, waombe wazime taa, uone mwanga unaovuja pembeni. IPS zote huvuja kidogo, usikatae kwa hilo, kataa ikiwa kona moja inawaka. Uliza waranti yao inahesabu nukta ngapi zilizokufa kabla ya kubadilisha, waandike kwenye risiti. Na hapo Umoja stima ikipotea, chomoa monita ukutani, uirudishe umeme ukishatulia.