Nahama nyumba Uingereza: maduka ya chariti yatapokea nini, yatakataa nini?

Mhamaji_Brum
Wakuu, salaam. Mwisho wa mwezi nahamia nyumba ndogo hapa hapa Birmingham na vitu havitaenea. Kuna mifuko sita ya nguo (za wakubwa na za mtoto), kochi la watu watatu, maikrowevu, kiti cha mtoto cha gari, duveti mbili na mito, simu mbili za zamani. Nataka viende maduka ya chariti (ya hisani, yanayouza vitu vilivyotolewa bure) kuliko jalalani. Kipi watapokea? Ile Gift Aid wanayokuuliza kaunta, ina madhara? Na nikitaka kununua meza ya kulia na majaketi ya baridi ya watoto humo humo, nikague nini? Au nguo nizitie kwenye pipa la kutuma Dar kwa meli? Nawasilisha.

Stoo_ya_Nyuma
Mkuu, kiti cha gari kitoe kwenye hesabu kabisa. Karibu hakuna duka litakalokipokea, kwa sababu povu la ndani likipata mpasuko kwenye ajali halionekani kwa nje, na duka haliwezi kujua historia yake. Helmeti za baiskeli ni hivyo hivyo. Mpe ndugu anayekuamini, au kipeleke kituo cha taka cha halmashauri.

Kochi: inua matakia, kisha pindua na uangalie chini. Unatafuta lebo iliyoshonwa yenye maneno CARELESSNESS CAUSES FIRE. Inatokana na kanuni za moto za samani za mwaka 1988, na bila lebo hiyo maduka ya chariti kwa kawaida hayalipokei hata kama kochi ni jipya. Watu huikata kwa sababu inaning'inia, halafu wanashangaa dereva anapogeuza gari mlangoni. Lebo ikiwepo, usilibebe mwenyewe: chariti ya British Heart Foundation huchukua samani nyumbani bure. Weka nafasi mapema, maana siku ya kuhama si siku ya kuanza kupiga simu. Waambie pia kama unakaa ghorofani na kama lifti ipo. Dereva ana haki ya kukataa akiona doa, mpasuko au manyoya ya paka. Likikataliwa, jaribu Freecycle (mtandao wa kupeana vitu bure), au ulipie halmashauri wakuondolee.

Maikrowevu lazima ipimwe usalama wa umeme (PAT) kabla ya kuuzwa, na maduka mengi madogo hayana mtu wa kupima. Peleka kwenye maduka yanayouza samani na vifaa vya umeme. Isafishe ndani, weka sahani yake ya kioo na kile kigurudumu cha chini, na usikate plagi. Sahani ikikosekana, mashine nzima inakuwa taka.

Duveti na mito maduka mengi hayataki, hata vikiwa vimefuliwa. Uliza makazi ya wanyama yaliyo karibu. Mengi hupenda taulo na mablanketi, ila duveti za manyoya ya ndege huwa wanazikataa, mbwa akizipasua ni balaa.

Nguo ndiyo sehemu rahisi na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Zifuliwe na zikauke kabisa. Soksi moja yenye unyevu kwenye mfuko uliofungwa siku kadhaa inatosha kuutia mfuko wote harufu ya ukungu, na nguo yenye harufu haipigwi mvuke wala kutundikwa, inatupwa kwenye mzigo unaouzwa kwa kilo. Viatu vifunge kamba pamoja, kiatu kimoja hakina mnunuzi. Za mtoto zipange kwa umri, andika juu ya mfuko. Zilizochanika ziweke mfuko wa pembeni ulioandikwa RAGS. Maduka mengi huziuza kwa kilo kwa wafanyabiashara wa nguo kuukuu, lakini uliza kwanza. Na majaketi mazito yapeleke Septemba, si Aprili. Duka dogo halina pa kuyahifadhi miezi mitano.

Tafadhali usiache mifuko mlangoni usiku. Mvua inalowanisha, watu wanapekua, na kesho yake chariti ndiyo inayolipia taka.

Hesabu_za_Kodi
Naongezea Gift Aid, maana hapa wengi husaini tu. Serikali huiongezea chariti peni 25 kwa kila pauni ya vitu vyako vilivyouzwa. Vikiuzwa kwa £40, wanapata £10 juu yake. Wewe huongezi kitu, kwa sharti moja: uwe umelipa kodi ya mapato au ya faida ya mtaji inayotosha mwaka huo. Kama kipato chako hakifiki £12,570 na hukukatwa kodi, USISAINI. Chariti zote kwa jumla zikidai zaidi ya kodi uliyolipa, HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) inaweza kukudai wewe tofauti, si wao.

Kisheria kinachotokea ni kwamba duka linauza kwa niaba yako, kisha unachanga pesa za mauzo. Ndiyo maana utabandikiwa stika zenye namba yako kwenye mifuko, na baadaye utapata barua au imeli ya kukuambia vimeuzwa kiasi gani, na una haki ya kubadili mawazo. Anayesaini awe mwenye vitu. Mume kusaini nguo za mkewe kwa sababu yeye ndiye anayelipa kodi si sahihi. Ukihama, wape anwani mpya.

Mama_Sufi
Mimi nitajibu upande wa kununua. Meza: pindua uangalie chini. Chipbodi iliyowahi kulowa huvimba ukingoni na hairudi, hata ukaze skrubu vipi. Mbao yenye vitundu vidogo si tatizo kama ni vya zamani. Ukiona unga laini mpya chini yake, wadudu bado wamo, iache. Pima mlango na kona ya ngazi za nyumba mpya, si upana wa chumba peke yake, na uulize kama miguu inafunguka.

Jaketi: geuza ndani nje. Kitambaa cha kuzuia maji kikianza kubanduka vipande vyeupe, kimekwisha, hakuna dawa. Vuta zipu mpaka juu na chini mara mbili, kagua kwapa na viwiko. Sweta ya sufu iinue kwenye mwanga utafute matundu ya nondo. Ukiinunua, ifunge kwenye mfuko na uiweke friza ya nyuzi −18 wiki mbili kabla haijaingia kabatini. Hofu ya kunguni inaisha kwa kufua nyuzi 60 au nusu saa kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali, kama lebo inaruhusu.

Risiti tunza. Sheria ya haki za mlaji ya 2015 inavihusu vitu vilivyotumika pia: kasoro ambayo hukuonyeshwa na isiyoonekana kwa macho, una siku 30 kukirudisha. Ukibadili mawazo tu, hiyo ni hiari ya duka.

Mhamaji_Brum
Asanteni sana. Kochi lina lebo. Simu je, na pipa?

Stoo_ya_Nyuma
Simu: toa kwanza akaunti ya Google au iCloud, NDIPO ufute kila kitu. Ukifuta kabla ya kutoa akaunti, itawaka ikiuliza nenosiri lako na haitauzika. Laini na kadi ya kumbukumbu toa.

Pipa lina maana kwa nguo zenye mwenyewe anayejulikana. Nguo za ndani zilizotumika usitie, TBS (shirika la viwango Tanzania) imezipiga marufuku. Nyingine usilipie usafiri bure: kinachobaki dukani huuzwa kwa kilo, huchambuliwa, hufungwa mabelo, na sehemu yake huishia masoko ya mitumba ya Karume (Dar) na Gikomba (Nairobi) pasipo wewe kulipia meli. Ila majaketi ya theluji huko hayana soko kubwa, hayo yaache Birmingham.