Valvu ya mama inavuja: kibanio cha kupitia kinenani kitamfaa?

BintiPangani
Shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 58, valvu ya mitrali (mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) inavuja. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, magoti yakavimba, bibi akamkanda majani yakaisha. Sasa analalia mito mitatu, na vidonge vya kukojoza vimemfanya asiende hata arusini. Daktari Dar anataka apasuliwe. Mama kagoma: "Mimi si ng'onda nikapasuliwe kifua." Kaka yuko Minnesota, anasema kule wanaingiza kibanio kupitia mshipa wa kinenani, siku mbili umerudi nyumbani. Ni tiba au bado majaribio? Tuuze kiwanja?

MpimaEko
Kiwanja kiache kwanza, dada. Hicho ni MitraClip. Marekani walikiruhusu 2013 kwa wagonjwa ambao upasuaji ni hatari kwao, na 2019 wakaongeza wale ambao moyo wenyewe umetanuka. Wazo ni la Alfieri, daktari wa upasuaji wa Italia: aliishona valvu katikati, ikabaki na vitundu viwili. Kibanio kinafanya hivyohivyo bila kufungua kifua.

Sasa tatizo. Homa ile huacha vipande vya valvu vigumu, vifupi, na mara nyingi tundu limeshabana. Ukilibana tena, damu ipite wapi? Soma karatasi ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti): ni kuvuja tu, au kuvuja na kubana?

Chumbageni
Niongeze kidogo. Hata kwa hao wa moyo uliotanuka, mwaka 2018 yalitoka majaribio mawili yasiyolingana. COAPT, watu 614: baada ya miaka miwili walikufa 29 katika kila 100 waliobanwa, na 46 kwa waliotumia dawa peke yake. MITRA-FR ya Ufaransa haikuona tofauti yoyote baada ya mwaka. Kaka yako asome zote mbili, si ile tamu tu.

WafariniTangu2016
Mimi ni mgonjwa, si daktari. Nilipasuliwa nikiwa na miaka 41, valvu ya chuma. Mfupa wa kifua ulinitesa wiki sita, kukohoa nikikumbatia mto. Kinachochosha hasa ni wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande: INR yangu, yaani kipimo cha kuganda kwa damu, iwe kati ya 2.5 na 3.5, na kisamvu, kwa kuwa hupunguza nguvu ya dawa hiyo, nakila kwa kipimo kilekile kila wiki. Kwa umri wa mama ulizeni kama inaweza kurekebishwa, au kuwekewa ya mnyama, hiyo kwa kawaida haikufungi na wafarini maisha yote. Usiku chumba kikiwa kimya yangu inalia tik, tik. Mke wangu kaizoea.

BintiPangani
Nimeitoa karatasi kabatini: "kuvuja kukubwa, kubana kwa wastani." Kumbe kaka hajawahi kuiona! Mama nimemsomea yote haya. Kauliza jambo moja: hiyo tik tik inasikika msikitini?

WafariniTangu2016
Kwenye sijda inasikika vizuri tu. Wa pembeni hudhani ni saa.

BintiPangani
Kacheka. Jumatatu tunarudi kwa daktari.