Kama karata si michezo, mbona kombe letu limo kabatini mwenu?

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, wala sitaificha. Kwa miaka kadhaa nimechezea timu ya karata ya taasisi ninayofanyia kazi, ambayo sitaitaja. Safari hii kamati yetu ya michezo imegawa jezi, raba na posho ya mazoezi kwa timu za mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba na hata vishale, kisha sisi wa karata na wenzetu wa bao tukaambiwa tujitafutie fulana, kwa kuwa mtu anayecheza amekaa hatoki jasho. Kiongozi aliyetamka maneno hayo ndiye aliyepokea kombe letu mwaka jana na kupiga nalo picha, na hadi leo kombe hilo limo katika kabati la ofisi yake.

Michezo ya SHIMIWI, inayowakutanisha watumishi wa wizara na idara za Serikali, ina karata, bao na drafti pamoja na soka na riadha. Anayeona hatustahili kuitwa wanamichezo angepinga orodha hiyo mapema, si kusubiri siku ya kugawa jezi.

Hoja ya jasho hainiingii akilini. Mlenga shabaha hushinda kwa kutotikisika, na mchezo wake ulikuwamo katika Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896. Hakuna anayemuuliza ametoka jasho kiasi gani. Mcheza karata naye hukaa mezani kwa saa nyingi akihesabu shupaza zilizokwisha kuanguka, akikisia nani ameficha turufu, na akimsoma mwenzake bila kumkonyeza, kwa sababu kukonyezana ni wizi.

Nafahamu kwamba neno karata linawakumbusha wengi kamari, na wengine wale matapeli wa karata tatu wa stendi, ambao hata mimi waliwahi kunila nauli nilipokuwa kijana. Lakini mashindano yetu hayana dau. Wanaodai kwamba yote ni bahati ya mgao nao waangalie briji ya mashindano, mchezo wa karata unaochezwa wawili dhidi ya wawili: karata za kila mgao huhifadhiwa zilivyo na kupelekwa meza nyingine, ili wachezaji wapimwe kwa karata zilezile. Aliyeshindwa hana wa kumlaumu.

Najua mtaniletea hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 26 Oktoba 2017, iliyosema kwamba briji ya namna hiyo si michezo kwa sababu nguvu ya mwili inayotumika ni ndogo mno. Siipendi, ila isomeni vizuri: kilichobishaniwa kilikuwa kodi ya ongezeko la thamani kwenye ada za mashindano ya Uingereza. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikwisha kulitambua shirikisho la briji la dunia tangu mwaka 1999. Katika Michezo ya Asia ya mwaka 2018 nchini Indonesia, briji iligombewa kwa medali, na dhahabu ya wanaume wawiliwawili ikachukuliwa na Wahindi wawili, mmoja wa miaka 60 na mwenzake wa miaka 56. Kocha gani wa soka angewapa wazee hao hata benchi?

Tena mwaka 2019 Geir Helgemo, bingwa wa briji mzaliwa wa Norway aliyekuwa akiiwakilisha Monaco, alifungiwa mwaka mmoja baada ya vipimo kuonyesha dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Yaani hata mkojo wetu unapimwa kama wa mkimbiaji, ila fulana ndiyo haipatikani!

Nimeiandikia kamati barua yenye ombi moja: itupe jezi kama timu nyingine, au iturudishie kombe letu tukaliweke tunapochezea. Wiki ya tatu hii, sijajibiwa, na kabati limefungwa kwa kufuli.